Mtama Mtoro

Mwezi wa sita mwaka jana niliingia kwenye hebaria moja hapa nchini nikiwa nimebeba fungu la magazeti lililokazwa kwa mikanda miwili ya suruali. Ndani ya magazeti kulikuwa na mabua kumi na moja ya mtama. Nilikuwa nimeyachuma kwa wiki mbili, mitaroni, kwenye kingo za mashamba na kandokando ya reli, kutoka Hedaru hadi Same mjini. Mtunza makabati alifungua gazeti la kwanza, akafungua la pili, kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Dada, haya si yamepandwa?"

Nikamwambia hayakupandwa. Yamejiotea.

"Basi ni magugu."

Nikamwambia ndiyo, huenda ni magugu, huenda ni mtama uliotoroka shambani, na huko ndiko tasnifu yangu inakoelekea. Akayakunja magazeti vizuri kuliko nilivyoyakunja mimi, akanirudishia. Makabati ni machache, alisema, na yaliyopo ni ya mimea ya asili. Mtama ni zao. Mambo ya mazao yako kwa watu wa kilimo.

Nikaenda kwa watu wa kilimo. Wao wakaniambia wanatunza mbegu za mazao, na hili langu si zao, ni gugu. Nilipeleke kwa watu wa mimea ya asili.

Simlaumu yule mzee wa makabati. Alikuwa anafuata utaratibu alioukuta. Ugomvi wangu ni na utaratibu wenyewe, kwa sababu una umri mkubwa kuliko yeye, kuliko mimi, na kuliko Jamhuri yetu, na bado tunautii kana kwamba tuliupigia kura.

Kwa asiyewahi kuingia hebaria: ni chumba cha makabati, ndani ya makabati mna karatasi ngumu, na juu ya kila karatasi pamebandikwa mmea uliokaushwa. Kwenye kona kuna lebo. Lebo inasema nani aliuchuma, wapi, lini, mita ngapi kutoka usawa wa bahari, na mara nyingine wenyeji wanauitaje. Mmea usio na lebo ni nyasi kavu tu. Wenye lebo ni shahidi. Miaka mia baadaye mtu anaweza kukata kipande cha jani kile, akasoma vinasaba vyake, akajua mmea huo ulikuwa na uhusiano gani na mingine iliyokuwa hai siku ile. Ndiyo maana ninasema kinachoingia kabatini na kinachobaki nje ni suala la siasa, hata kama wanaoamua hawajui kwamba wanafanya siasa.

Sasa mtama. Mtama wa shambani na mtama mwitu ni ndugu wa damu. Ukiwa mchanga huwezi kuutofautisha. Hata mkulima aliyelima miaka hamsini hupalilia akiwa na mashaka. Tofauti inajitokeza kwenye suke. Wa shambani hushika punje zake mpaka mwenye shamba aje na kisu. Wa mwituni hupukutisha punje mara zinapokomaa, na punje zenyewe ni ndogo, zimefunikwa na makapi. Upepo ukibeba chavua kutoka upande mmoja kwenda mwingine, huzaliwa machotara: bua nene kama la shambani, suke linalopukutika kama la mtaroni. Machotara hao wakipukutisha punje, msimu unaofuata wanaota wenyewe. Mkulima anauona mtama ambao hakuupanda, wenye sura ya mtama wake, usiotaka kuvunwa.

Jambo hili ni la kale. Mashariki mwa Sudani, upande wa Kassala, waakiolojia wamekuta alama za makapi ya mtama kwenye vigae vya vyungu vyenye umri wa zaidi ya miaka 5000. Katika vigae hivyo mtama ulioanza kushika punje umechanganyika na ule unaopukutika. Yaani tangu mwanzo kabisa, kwenye udongo wa bara hili, shamba na pori vilikuwa vinaazimana. Mpaka kati yao ulikuwa na geti, na geti lilikuwa wazi.

Aliyelifunga ni mtaalamu. Wanabotania walipokuja kuandika mimea ya nchi hii walileta maneno mawili ya kuandika kwenye lebo: wa mwitu, au uliopandwa. Kati ya hayo mawili wakaweka neno la tatu, ambalo kwa Kiswahili chetu ni mtoro: mmea uliotoroka kilimo. Lifikirie neno hilo. Katika nchi yenye historia ya watumwa waliokimbia mashamba ya pwani wakajenga vijiji vyao ndani, kila mtu anajua mtoro ni nani. Ni yule ambaye mwenye mali anasema alikuwa wake. Na kwa kuwa mtoro si wa shambani tena wala si wa porini bado, hakuna anayemtafutia nafasi kabatini.

Matokeo yake unayaona ukifungua ramani za sampuli mtandaoni. Wakusanyaji duniani kote walifuata vitu viwili: njia inayopitika, na mahali penye sifa. Kwetu njia ilikuwa reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911 ikipita chini ya milima yetu, na baadaye barabara kuu. Mahali penye sifa palikuwa misituni juu, kama Shengena, kilele cha mita 2462 kwenye msitu wa Chome, ambako kuna viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Katikati, kwenye mashamba na mitaro na matuta ya ndiva, ambako watu wengi wa Same wanaishi na kula, ramani imekaa kama uso wa mtu asiyetaka kukujibu. Na ofisini ramani tupu husomwa vibaya. Mtu haulizi kama kuna aliyewahi kutafuta. Anasema hakuna kitu pale.

Najua utakachoniambia. Utasema wakoloni walichukua mimea yetu, basi suluhisho ni kuirudisha. Rafiki zangu wakisikia neno hebaria huanza hapo hapo: rudisheni. Naielewa hasira hiyo, na ina sababu. Wajerumani waliweka taasisi yao Amani, Usambara, mwaka 1902, na sampuli zikawa zinasafiri kwenda Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin, sehemu kubwa ikateketea, na kumbukumbu za milima yetu zikaungua kwenye vita ambavyo milima hiyo haikuvianzisha. Waingereza nao waliikuza hebaria ya Amani, kisha karibu mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki, iliyochapishwa kwa vitabu kuanzia 1952 hadi 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, ilisimamiwa kutoka Kew, London. Nyasi peke yake zilichukua vitabu vitatu, cha mwisho kikatoka 1982. Ukitaka kuona mmea wa kijiji chako, mara nyingi utaanza kwa kuomba viza, au kwa kusubiri picha ipande mtandaoni.

Yote hayo ni kweli. Lakini niambie: mtama wa mtaroni wa Makanya utarudishwa kutoka wapi, ikiwa hakuna aliyeubeba? Huwezi kudai kurudishiwa kitu ambacho hakikuchumwa. Tumeelekeza sauti zetu zote kwa yule aliyechukua, tukasahau kumuuliza aliyeacha, na siku hizi anayeacha ni sisi. Uhuru umepita miaka sitini. Hebaria ya taifa iko Ngaramtoni, Arusha, si Berlin. Vyuo tunavyo. Kalamu tunayo. Lakini mwanafunzi akileta gugu tunamjibu kwa maneno ambayo mwanabotania wa mwaka 1910 angeyaelewa bila mkalimani.

Tena kwa haki niseme, hata hao wa zamani wapo waliotuzidi. Engler, mkuu wa bustani ya Berlin, alipochapisha kitabu chake kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki mwaka 1895, mazao alitengea sehemu yake. Greenway alipokuwa Amani alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, na mpaka leo watafiti wanaifungua. Snowden alikaa Kew akachambua mitama ya dunia kwenye karatasi, akatoa kitabu cha mitama ya shambani mwaka 1936, kisha mwaka 1955 akaandika kuhusu mitama mwitu, na mmoja akauita kwa jina la Usambara. Baadaye wenzake waliuingiza jina hilo chini ya jina jingine, likafifia. Sawa, sayansi ndivyo inavyokwenda. Lakini angalau mtu aliuona mtama mwitu wa milima ya jirani, akaona unastahili jina.

Kuna mtu mwingine ninayemkumbuka ninapopanga mabua yangu. Nikolai Vavilov, Mrusi, alisafiri Uajemi na kuelekea Pamir mwaka 1916. Kwenye mashamba ya ngano aliona gugu limejichanganya, na kadiri shamba lilivyopanda mlima kwenye baridi, gugu lilizidi na ngano ikapungua, mpaka juu kabisa watu wakawa wanavuna gugu lenyewe. Gugu hilo ni rai, nafaka ya ile mikate myeusi ya Ulaya. Mwaka 1917 aliandika kwamba rai haikuchaguliwa na mkulima kutoka porini. Ilijipenyeza shambani kama gugu, ikavumilia, ikapandishwa cheo. Mataifa mazima yamelishwa na mmea ulioanza kama usumbufu. Vavilov alifia gerezani Saratov mwezi Januari 1943, wiki tano kabla makabati ya Berlin hayajaungua. Angeambiwa "hili ni gugu, peleka kwingine," akatii, tusingejua rai ilitoka wapi.

Sasa nije nyumbani, maana hoja yangu haikuanzia Uajemi. Ilianzia kwa bibi yangu.

Bibi analima tambarare, chini ya milima, upande wa kivuli cha mvua, ambako mahindi hufanikiwa mwaka mmoja na kukuaibisha miaka miwili. Nilipofika na magazeti yangu, baada ya shikamoo na marahaba na maswali ya lini nitaolewa, nilimwomba anionyeshe mtama wa mtaroni. Hakusita. Alinipeleka kwenye ukingo wa shamba la jirani, akashika suke, akaligonga kidogo kwa kidole. Punje zikamwagika kiganjani kwake.

"Huyu hana subira," alisema. "Anamwaga kabla hujamwomba."

Akanipa jina lake kwa Chasu. Nimeliandika kwenye lebo zote kumi na moja, lakini hapa silitaji, kwa sababu ni jina la utani la mzee mmoja wa kitongoji ambaye bado yu hai na anajua kusoma.

Kisha akanisimulia jambo ambalo sijalikuta kwenye kitabu chochote cha mimea. Mama yake, katika mwaka mmoja wa njaa, alikuwa akiamka alfajiri na wanawake wenzake kwenda kuukung'utia mtama huo kwenye ungo. Lazima iwe alfajiri, kabla umande haujakauka, kwa sababu jua likishapanda suke hupukutika ukiligusa, na chakula chako kinakuwa cha ndege. Walitwanga, wakapepeta sana kwa sababu ya makapi, wakapika uji mwembamba. "Tulikula," bibi alisema, "ndiyo maana wewe upo."

Halafu akaongeza kitu kama vile hakina uzito. Kwamba zamani jirani huyu alipanda mtama mwekundu, mrefu, mchungu kidogo, ambao kwelea kwelea hawakuupenda. Aliuacha alipohamia mahindi. Mbegu zake hakuna mwenye nazo tena. "Lakini ukiangalia huu wa mtaroni," bibi alisema, "huu mrefu, bua lake si la mwitu kabisa. Huyu ni mtoto wa ule."

Sijui kama bibi yuko sahihi. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Inawezekana kabisa mitaro ya Same imehifadhi kilichopotea ghalani: chembe za mitama ya zamani, iliyochaguliwa na vizazi vya wakulima Wapare, sasa ikiishi ndani ya magugu. Huko duniani watafiti wanapekua mitama mwitu ya Afrika kutafuta kinga dhidi ya kiduha na ukame, na wengine wameikuta. Ili nimjibu bibi ninahitaji vitu viwili: bua la leo, na bua la zamani la kulinganisha nalo, lenye lebo, kutoka ukingo wa shamba, la mwaka 1935 au 1960 au hata 1990. Bua la leo ninalo. La zamani nimelitafuta kila mahali nilipoweza kufika na kila hifadhidata niliyoweza kuifungua, na sijalipata. Kila aliyepita hapa kabla yangu aliliona, akasema hili si la mwitu, hili si zao, akaendelea kupanda mlima kuelekea msituni.

Na mimi nikifanya hivyo hivyo, mjukuu wa mtu mwaka 2090 atasimama mahali hapo hapo akiwa na swali hilo hilo.

Kuna wanaojibu kwamba makabati ni machache na fedha ni kidogo, na kwamba mmea adimu wa Shengena una haki ya kwanza kuliko nyasi za barabarani. Jibu hili lina uzito na siwezi kulipuuza. Msitu wa Chome unastahili kila karatasi uliyopewa na zaidi. Ila msitu una mpaka uliochorwa, una sheria na una askari. Mtaro una greda. Mwaka huu barabara ikipanuliwa, mtama ule unakwenda na kifusi, na hakuna ofisi itakayoandika barua. Tena karatasi kumi na moja hazijazi kabati. Kilichojaa ni mazoea.

Wengine wananiambia piga picha, inatosha. Haitoshi. Picha haina vinasaba. Piga picha, ndiyo, lakini chuma na bua.

Mstari huu wa shamba na pori haujakata mimea peke yake. Wasomaji wa Same wanajua ninakoelekea. Mkomazi ilitangazwa pori la akiba mwaka 1951. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji waliondolewa humo, na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Una maoni yako kuhusu hilo nami nina yangu, na wenye mifugo wana yao. Ninachosema ni kwamba hoja iliyotumika inafanana na hii ya kabatini: kuna mahali pa asili na kuna mahali pa watu, na kilicho katikati kinaharibu vyote viwili. Binti aliyekulia chini ya Upare anajua kwamba maisha yake yote yako hapo katikati. Ndiva ni ziwa au ni kazi ya mikono? Msitu wa ukoo uliotunzwa kwa miiko ni pori au ni mali? Mtama wa mtaroni ni nani?

Kwa hiyo nina madai, na ni madogo kiasi cha kutia aibu. Hebaria zetu zipokee magugu na mazao yaliyojiotea, na kwenye lebo pawe na nafasi ya kueleza hali hiyo kwa sentensi nzima, si kwa neno moja la kuchagua. Kila tasnifu ya kilimo inayofanyika shambani iache sampuli, si majedwali tu. Na lebo iandike jina la aliyetoa maarifa, akiridhia, sawasawa na inavyoandika jina la aliyechuma. Kwenye lebo za kale utakuta jina la bwana aliyeshika mkasi, na mara chache sana la mwanamke aliyemwonyesha mmea. Kwenye zangu bibi amesainiwa. Nilipomwonyesha aliniuliza kama kuna posho.

Na wewe unayesoma haya kwenye simu, ukienda kwenu likizo, mtaka cha mvunguni huinama. Chukua gazeti la jana, chuma bua zima na mzizi wake, andika tarehe, mahali, na jina ambalo nyanya yako analiita. Ukikataliwa kabatini, nitafute. Tutakuwa wawili.

Mabua yangu kumi na moja yako chini ya kitanda changu cha hosteli, ndani ya boksi la kanga za sendofu, yamezungukwa na majani makavu ya mwarobaini kwa ushauri wa mtu ambaye hajawahi kuona hebaria. Mwezi ujao narudi Same. Nimeambiwa greda limeshafika Makanya.